Vietnam, Aljeria au Msumbiji: ni vita vipi vya uhuru vya kusomwa kwa kina?

Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyetakiwa kuandika insha ndefu kuhusu mkakati wa kijeshi katika vita vya kudai uhuru, na mwalimu anayetafuta mfano mmoja wa kufundisha kwa wiki kadhaa badala ya kugusa kila nchi kwa aya mbili, hufika kwenye njia panda moja. Mifano inayotajwa mara nyingi ni mitatu: vita vya Vietnam dhidi ya Ufaransa kuanzia 1946 hadi 1954, vita vya Aljeria dhidi ya Ufaransa hiyo hiyo kuanzia 1954 hadi 1962, na vita vya Msumbiji dhidi ya Ureno kuanzia 1964 hadi 1974. Vyote vilimalizika kwa mtawala kufunga virago, lakini mchango wa mapigano yenyewe katika kumwondoa ulikuwa tofauti sana kutoka nchi moja hadi nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuongoza uchaguzi.

Kwa msomaji wa Unguja na Pemba kuna jambo la kuzingatia tangu mwanzo. Upinzani wa silaha dhidi ya Waingereza unaokumbukwa zaidi hapa ni ule wa tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipojizatiti pamoja na wafuasi wake katika kasri iliyokuwa ufukweni mwa Mji Mkongwe, na manowari za Kiingereza zikaipiga kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa, naye akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Jeshi lililosimama mahali pamoja mbele ya mizinga ya baharini, lisilo na milima ya kurudi wala mpaka wa kuvuka, haliwezi kumchosha adui yake. Vita vitatu vinavyolinganishwa hapa ni mafunzo ya namna watu waliozidiwa silaha walivyojitafutia mahali pa kurudi, wakapata muda, na mwishowe wakamshinda au wakamchosha aliyekuwa na nguvu kuliko wao.

Vigezo vya ulinganisho

Nimevipima vita hivi kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni ardhi na mkakati uliotokana nayo. Cha pili ni mapigano makuu na kile yalichoamua, na hapa nitakaa zaidi kwa kuwa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea. Cha tatu ni nchi jirani na kambi za nyuma. Cha nne ni watu: askari ambao mtawala aliwapeleka vitani, na raia waliobeba mzigo. Cha tano ni vyanzo, yaani kile ambacho msomaji aliyeko Visiwani anaweza kukipata na kukisoma bila kusafiri mbali.

Ardhi na mkakati

Mkakati wa Vietnam ndio unaosomeka kwa urahisi zaidi kwenye ramani. Jenerali Vo Nguyen Giap, ambaye kabla ya vita alikuwa mwalimu wa historia, aliliondoa jeshi lake mijini baada ya mapigano ya Hanoi ya Desemba 1946, akalipeleka kwenye milima na misitu ya kaskazini. Mpango ulikuwa wa hatua tatu: kwanza kujihami na kuhifadhi nguvu, kisha kufikia hali ambayo hakuna upande unaoweza kuushinda mwingine, na hatimaye kushambulia kwa vikosi vikubwa. Mwanafunzi anaweza kuonyesha kwa tarehe na mahali pa vita lini hatua moja ilipokoma na nyingine ilipoanza, na hata lini viongozi walipoharakisha kuruka hatua wakaumia.

Aljeria ilikuwa na milima yake, hasa Aurès na Kabylia, lakini tatizo lake la kimkakati lilikuwa la namna nyingine. Walowezi wa Kizungu walikaribia milioni moja, na serikali ya Paris iliihesabu nchi hiyo kuwa sehemu ya Ufaransa yenyewe. Chama cha ukombozi cha FLN kilipoanzisha vita usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1954, kilifanya mashambulizi madogo katika sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kwa silaha chache, ili nchi nzima na dunia zisikie. Mkutano wa Soummam wa Agosti 1956 uliigawa Aljeria katika wilaya sita za kivita na kuamua kwamba siasa itaongoza bunduki, na kwamba walio ndani ya nchi watakuwa na kauli kuliko walio nje. Uamuzi huo wa pili haukudumu, na kuvunjika kwake ni mada nzuri ya insha kwa mwenye kupenda siasa za ndani ya vyama vya ukombozi.

Msumbiji ilianza kwa uwezo mdogo kuliko zote. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 chini ya Eduardo Mondlane, ilikuwa na wapiganaji wapatao 250 waliokwisha kufunzwa iliposhambulia kituo cha utawala cha Chai, jimboni Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Mbinu zake zilikuwa mashambulizi ya kuvizia, mabomu ya kutegwa ardhini katika barabara za udongo, na kujenga maeneo yaliyokombolewa ambamo kulikuwa na mashamba, skuli na zahanati. Palikuwa na nia ya kupigana katika majimbo kadhaa kwa pamoja, lakini moto ulishika Cabo Delgado na Niassa tu, yaani majimbo yanayopakana na Tanzania, ng'ambo ya mto Ruvuma.

Mapigano makuu na yalichoamua

Anayetaka pigano moja lililoamua vita hana budi kwenda Dien Bien Phu. Novemba 1953 Wafaransa walishusha askari wa miamvuli katika bonde hilo lililo karibu na mpaka wa Laos, wakajenga ngome zilizotegemea uwanja wa ndege kwa kila kitu, kuanzia risasi hadi chakula. Jenerali Henri Navarre aliamini kwamba Giap akivutwa huko atavunjwa kwa mizinga na ndege, na kwamba Wavietnam hawataweza kupandisha mizinga mizito kwenye vilima vinavyolizunguka bonde. Waliipandisha kwa kamba na kwa mikono ya watu, wakaificha ndani ya mapango yaliyochimbwa upande wa mbele wa vilima. Zaidi ya raia 200,000 walitumika kupeleka chakula na silaha kwa miguu, kwa mashua na kwa baiskeli zilizoimarishwa ili zibebe mzigo wa kusukumwa.

Kwa maoni yangu, jambo la kufundishia kuliko yote katika habari hii ni shambulizi ambalo halikufanyika. Mpango wa awali ulikuwa kuivamia ngome kwa kasi mwishoni mwa Januari 1954. Giap aliupima, akaona kwamba mizinga haijakaa sawa na kwamba askari wake hawajawahi kuvunja ngome kubwa kiasi hicho, akaahirisha, akaiondoa mizinga na kuipanga upya kwa wiki kadhaa. Mashambulizi yalipoanza tarehe 13 Machi, ngome ya Beatrice ilianguka siku hiyo hiyo na ya Gabrielle ikafuata. Mkuu wa mizinga wa Kifaransa, aliyekuwa ameahidi kuizima mizinga ya adui, akajiua. Kabla Machi haijamalizika uwanja wa ndege haukutumika tena. Wavietnam wakachimba mahandaki hatua kwa hatua kuelekea katikati, na tarehe 7 Mei ngome yote ikasalimu amri, zaidi ya askari 10,000 wakatekwa. Kesho yake mazungumzo kuhusu Indochina yakafunguliwa Geneva, na mwezi Julai yakazaa makubaliano yaliyoigawa nchi kwa muda kwenye latitudo ya 17, mgawanyiko uliozaa vita vingine virefu zaidi.

Ni kosa hata hivyo kuisoma Dien Bien Phu peke yake. Mwaka 1951 Giap alitoka milimani mapema mno kuelekea uwanda wa Mto Mwekundu, akashindwa Vinh Yen, ambako mabomu ya moto ya napalm yaliwateketeza askari wake wakiwa uwanjani, kisha Mao Khe na katika mapigano ya mto Day. Mwisho wa 1952 alishindwa tena kuivunja ngome ya Na San, iliyotegemea uwanja wa ndege vile vile. Navarre alitarajia Na San ya pili; Giap alikwenda Dien Bien Phu akiwa amejifunza kutokana na ile ya kwanza.

Aljeria haina pigano la namna hiyo, na umashuhuri wa Algiers, mji mkuu, usimdanganye mtu. Mabomu ya FLN katika mikahawa ya mji huo yalianza kulipuka Septemba 1956, na Januari 1957 serikali ilimkabidhi Jenerali Jacques Massu na askari wake wa miamvuli madaraka ya polisi. Mgomo mkuu wa siku nane ulivunjwa kwa nguvu. Mitaa ya Casbah, yaani mji wa kale, ilizungushwa nyaya, watu wakaandikwa nyumba kwa nyumba, na maelfu wakakamatwa na kuteswa. Larbi Ben M'hidi, mmoja wa waasisi wa FLN, alikamatwa mwezi Februari na kuuawa kizuizini, jambo ambalo rais wa Ufaransa alilikiri hadharani mwaka 2024. Kufikia Oktoba 1957 mtandao wa mji huo ulikuwa umekwisha. Kijeshi, Ufaransa ilishinda. Lakini habari za mateso zilivuka bahari na kuwagawa Wafaransa wenyewe, na Desemba 1960 wakazi wale wale wa Algiers walijaa mitaani na bendera za uhuru, miaka mitatu baada ya jeshi kutangaza kwamba mji umetulia.

Pigano la Aljeria ambalo ningependa lisomwe zaidi ni la mipakani. Mwaka 1957 Wafaransa walijenga kando ya mpaka wa Tunisia uzio wa umeme uliozungukwa na mabomu ya ardhini, wenye urefu wa mamia ya kilomita, uitwao Mstari wa Morice. Katika miezi ya mwanzo ya 1958 wapiganaji waliojaribu kuuvuka walipata hasara kubwa mno, hasa eneo la Souk Ahras, na tangu hapo jeshi la nje likabaki Tunisia huku wenzao wa ndani wakikosa silaha. Mwaka 1959 Jenerali Maurice Challe akawasaka hao wa ndani milima kwa milima. Mwanafunzi anayedhani kwamba wapiganaji wa msituni hawashindwi kijeshi anahitaji kusoma miaka hii miwili.

Msumbiji nayo ina operesheni moja kubwa, nayo ilianzishwa na Wareno. Julai 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga aliingiza makumi ya maelfu ya askari katika uwanda wa juu wa Mueda, kwa helikopta, mizinga na matingatinga ya kufungulia barabara. Kambi kuu za FRELIMO zilitekwa na Ureno ikatangaza ushindi. Lakini wapiganaji walikuwa wametawanyika kabla, na uzito wa vita ukahamia jimbo la Tete, ambako Wareno walikuwa wakijenga bwawa la Cahora Bassa na walilazimika kuliwekea ulinzi mkubwa. Operesheni ile ilikuwa jarife lililotandazwa mahali ambapo samaki wamekwisha kuhama. Kufikia 1972 mapigano yalikuwa yamevuka mto Zambezi na kuingia Manica na Sofala, katikati ya nchi.

Nchi jirani na kambi za nyuma

Hapa vita vitatu vinafanana kuliko mahali pengine popote. Vietnam ilipata mpaka salama baada ya Wakomunisti kushinda China mwaka 1949. Msimu wa vuli wa 1950 Giap akawafagia Wafaransa kutoka barabara ya mpakani kati ya Cao Bang na Lang Son, na tangu hapo silaha nzito zikapita. Aljeria ilipata Tunisia na Moroko, zilizojitawala mwaka 1956, kisha ikazibiwa njia na nyaya za umeme.

Msumbiji ilikuwa na Tanzania, na kwetu sehemu hii haiko mbali. Wapiganaji walifunzwa Kongwa na Nachingwea, majeruhi walitibiwa Mtwara, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, mji ambao Mondlane aliuawa kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Ulinganisho na Malawi unaonyesha uzito wa jambo hili: serikali ya Kamuzu Banda ilikuwa na uhusiano mwema na Wareno, na bila njia ya Malawi mapambano ya mwanzo ya Tete na Zambezia yalikufa, hata Tete ikasubiri hadi 1968 kufunguliwa tena kupitia Zambia. Ipo pia nyuzi inayoviunganisha vita vyote vitatu. Waaljeria walikuwamo katika jeshi la Ufaransa lililoshindwa Dien Bien Phu, vita vya kwao vilianza miezi sita baadaye, na makundi ya mwanzo ya wapiganaji wa FRELIMO, Samora Machel akiwamo, yalipelekwa kufunzwa Aljeria huru.

Askari wa mtawala na raia

Swali ambalo vitabu vya skuli hulipita haraka ni hili: nani alibeba bunduki ya mtawala? Ufaransa haikupeleka Indochina vijana wake waliolazimishwa kujiunga na jeshi. Ilitumia askari wa kazi, Kikosi cha Wageni, Waafrika na Wavietnam wenyewe, na kwa hiyo umma wa Ufaransa ulivitazama vita vile kwa mbali. Aljeria ilikuwa kinyume. Vijana wa kawaida walipelekwa kwa mamia ya maelfu, kila kijiji cha Ufaransa kikawa na mtoto wake vitani, na mgogoro wa Mei 1958 ukaiangusha Jamhuri ya Nne, yaani mfumo wa serikali uliokuwapo Ufaransa, na kumrudisha Jenerali de Gaulle. Ureno ilikwenda mbali zaidi, kwani ilikuwa ikipigana pia Angola na Guinea-Bissau. Maofisa wake, waliorudishwa vitani zamu baada ya zamu, waliipindua serikali yao wenyewe Lisbon tarehe 25 Aprili 1974. Tarehe 1 Agosti mwaka huo askari zaidi ya mia moja wa kambi ya Omar, karibu na mpaka wa Tanzania, walichukuliwa mateka bila mapigano, na Septemba 7 makubaliano yakatiwa saini Lusaka.

Raia waliumia kila mahali na insha yoyote inayowaacha nje haijakamilika. Aljeria watu wapatao milioni mbili waliondolewa vijijini na kuwekwa katika kambi za uangalizi, na hesabu ya waliokufa bado inabishaniwa: Waaljeria hutaja mashahidi milioni moja na nusu, na wanahistoria wa Ufaransa hutaja idadi ndogo zaidi, ya mamia ya maelfu. Msumbiji, tarehe 16 Desemba 1972, mamia ya wanakijiji waliuawa na makomando wa Kireno Wiriyamu na vijiji vya jirani, mkoani Tete, na habari hiyo ilipochapishwa London mwaka uliofuata ikaifedhehesha Lisbon. Vyama vya ukombozi navyo viliua na kusaliti watu wao. Mwandishi mkweli ataandika mauaji ya ndani ya FLN na mpasuko wa FRELIMO wa 1968 na 1969, uliomfanya Lazaro Nkavandame, kiongozi wa Wamakonde wa Cabo Delgado, ajisalimishe kwa Wareno.

Vyanzo vinavyofikika Visiwani

Vietnam ina maandishi mengi ya kijeshi na ramani nzuri, lakini karibu yote yatasomwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Aljeria inamfaa mwenye Kiarabu, na waliopitia vyuo na skuli za dini hapa ni wengi: kumbukumbu za wapiganaji kwa lugha hiyo zinasomeka moja kwa moja, na zikiwekwa kando ya maelezo ya majenerali wa Kifaransa huonyesha vizuri namna pande mbili zinavyolieleza tukio moja. Msumbiji ina hazina ambayo nyingine hazina, nayo ni watu. Wapo Wamakonde Unguja ambao wazee wao walitoka ng'ambo ya Ruvuma, na kusini mwa Tanzania wapo waliowahifadhi wakimbizi au kuhudumu kambini. Ushahidi wao hupatikana kwa Kiswahili, lakini umri unawakimbia, na anayeahirisha mahojiano hadi mwaka kesho anaweza kumkosa mtu.

Nani achague vita vipi

Aliyepewa swali linalotaka ueleze mpango wa vita, hatua zake na pigano lililouhitimisha, achukue Vietnam, kwa sharti kwamba aanze 1950 na asiruke kushindwa kwa 1951. Inamfaa pia mwalimu mwenye vipindi vichache, kwa sababu Dien Bien Phu inafundishika kwa ramani moja ubaoni.

Anayeuliza kwa nini jeshi linaloshinda uwanjani hushindwa mezani, au anayetaka kujadili mateso, sheria na dhamiri katika vita, atapata mengi zaidi Aljeria. Ni mada nzito kwa wanafunzi wadogo, kwani mabomu ya mikahawani na vyumba vya mateso vinahitaji mwalimu aliyejiandaa. Asiyesoma Kifaransa wala Kiarabu atategemea tafsiri, na hilo litapunguza kina chake.

Anayetaka kufanya utafiti wake mwenyewe, hasa mwanafunzi wa chuo mwenye muda wa kuhoji wazee na kufika Mtwara au Nachingwea, achague Msumbiji, akubali kwamba hatakuwa na pigano moja la kujengea hadithi na kwamba itambidi afuate barabara, mipaka na miezi ya mvua. Kikundi cha usomaji chenye watu wa fani mbalimbali kinaweza kugawana vita vyote vitatu kwa kigezo kimoja tu, na hapo ningependekeza kigezo cha nchi jirani, ambacho kina ushahidi wa kutosha pande zote na kinaweza kujadiliwa kwa jioni tatu. Mwenye wiki mbili tu kabla ya kukabidhi insha asianze na Msumbiji.